Mama, Kipara Changu Hakikuwa cha Msiba Wako

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Marahaba naiitikia mwenyewe, maana hukupenda salamu iachwe hewani, hata ya mtoto mpita njia.

Leo asubuhi muuza mkaa wetu kanipa pole tena. Alikitazama kichwa changu, ambacho sasa kimeanza kurudisha weusi, akasema, "Dada, wewe ulimpenda mama yako. Msusi mzima kunyoa nywele zote! Wenzio wanakata kishungi tu, basi." Nikashukuru, nikaingia saluni nikajifanya natafuta chanuo. Aibu ilinipanda hadi masikioni. Kila anayenisifu ananiongezea mzigo, ndiyo maana nakuandikia barua hii na kuiacha wazi, waisome na wao walionisifu.

Nianze pale tulipocheka. Uliposhuka kwenye treni kutoka Kigwa, uje kukaa kwangu hapa Tabora mjini uwe karibu na hospitali, ulikuja na dumu la asali na mafuta ya karanga uliyokamua mwenyewe. Nikadhani vya jikoni. Kumbe vya kichwani! Kila ukiamka unajinyunyizia maji, unapaka asali, unapaka mafuta, unafunga kilemba juu ya nywele mbichi mpaka kesho yake. Nilipokufungua nikazikuta zimelegea teketeke kama ugali uliozidi maji. Nikavuta unywele mmoja uliolowa: ukarefuka, ukarefuka, haukurudi. Nikakwambia, "Mama, hizi zimelewa maji. Zinataka protini."

"Protini si maharage?" ukauliza.

Nikakupigia yai kwenye bakuli, nikakupaka, nikakuvisha mfuko wa plastiki. Halafu, kwa haraka zangu, nikakusuuza kwa maji ya moto. Yai likaiva papo hapo! Tulikaa uani tunachomoa vipande vyeupe nyweleni, wewe unacheka hadi unashika mbavu. "Mwanangu, umenikaangia yai kichwani, sasa lete chumvi!" Mara ya pili nilitumia maji ya baridi, na baada ya muda nywele zako zikashika nguvu, kitana kikapita bila kung'oa kitu. Ukaenda kuwatangazia akina mama wote wa kanisani kwamba binti yako ni fundi. Walikuja wengi, mama. Nilivimba kichwa.

Na hapo ndipo nilipopotea. Nikaamini yai ni dawa ya kila kichwa.

Unajua nywele zangu ndizo zilizokuwa kibao cha saluni. Mteja akiingia, kabla ya bei anauliza, "Dada, wewe unapaka nini?" Zilipoanza kukatika mbele na pembeni, nikajiambia zimedhoofika, nikazipa yai. Zikakatika zaidi, nikazipa yai na keratini juu yake, ile protini ya kopo ya dukani. Kila Jumapili nikitoka kanisani nakaa chini ya stima, ile mashine ya mvuke. Yule mama wa Kihindi anayeniuzia vipodozi akaniuliza kama wateja wameongezeka, maana makopo yanakwisha upesi. Nikasema ndiyo. Wateja wote wale nilikuwa mimi.

Wanasema mganga hajigangi. Mimi nilijiganga kila wiki, kwa dawa isiyo ya ugonjwa wangu. Nywele zikawa ngumu, kavu, zinakwaruza mkononi. Mteja akija na kichwa kama kile, ningevuta unywele wake, nione unakatika pap bila kurefuka hata kidogo, nimwambie bila kufikiri: "Dada, umeshiba protini, una kiu. Acha mayai, rudi kwenye maji." Wa kwangu sikuuvuta. Si kwamba sikujua, mama. Niliogopa kuambiwa, hata na unywele.

Nikahamia kwenye kilemba. Ukanitazama siku chache, kisha ukaanza utani wako. "Msusi gani wewe, unajifunika kama ndizi zilizovundikwa? Vua nikuone." Nikasema vumbi. Siku nyingine nikasema baridi, na ilikuwa jua la Oktoba, hata kuku wamelala chini ya gari. Hukunibishia. Ulichanganya asali yako na maji ya vuguvugu kwenye kibakuli, ukakaa kwenye kile kigoda, ukanionyesha mkeka mbele ya magoti yako. "Njoo nikusuke kama zamani. Mikono hii haina muda mrefu."

Nikasema kesho.

Hukuwa unanipima, najua. Ulitaka tu kushika kichwa cha mtoto wako. Lakini mimi niliona picha nyingine: wewe uliyenitangaza kwa akina mama wa kanisani, unafungua kilemba na kukuta pembeni peupe kama kiganja. Nikaona heri ukae na hamu yako kuliko ukae na aibu yangu. Kesho yake nikasema kesho tena, na tena, na wewe ukawa unakimwaga kile kibakuli kwenye ua. Kisha ukalazwa, na hukurudi nyumbani.

Tulikuzika Kigwa. Siku ya kuanua matanga wanawake tulikaa uani, mama mdogo, yule mdogo wako wa mwisho, akiwa na wembe na beseni la maji. Wakwe zako waliotoka Dar walitoa kishungi kimoja kimoja, mama mdogo akakata, akawaachia staili zao. Mimi tangu kulipokucha sikuwa nakuwaza wewe. Naona haya kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilikuwa nawaza kilemba. Nilikuwa nawaza kwamba hata kishungi kimoja kingetaka nifunue. Zamu yangu ilipofika, nikasema, "Ninyoe zote."

Bibi mmoja akasema, "Huyu ndiye mtoto. Zile nywele zake, msusi, anazitoa kwa ajili ya mama!" Mama mdogo akakifungua kilemba. Alisimama kidogo na wembe mkononi, akapitisha kidole kwenye zile sehemu tupu. Nikajua sasa nimekwisha. Akainama akaninong'oneza, "Masikini mwanangu. Uuguzi umekumaliza hadi nywele." Kisha akawageukia wenzake na kulisema kwa sauti, wakalia. Nikalia na mimi. Lakini kila fungu lililodondoka kwenye beseni lilinipa nafuu. Siku ya kuanua matanga yako, mama, mwanao alipumua.

Tangu siku ile nabeba pole nisizostahili. Kanisani wananisogezea kiti. Dada zangu wameacha kunibishia kwenye vikao, eti mimi ndiye niliyekupenda kuliko wote. Nimezipokea zote. Nasema asante, Mungu awabariki, kisha naenda kujificha jikoni.

Nywele zinaota. Sasa nazitunza inavyotakiwa: maji kwanza, asali yako kidogo, ile iliyobaki kwenye dumu, kisha mafuta ya kuzuia maji yasikimbie. Yai ni mara chache, unywele wenyewe ukilidai. Nikiuvuta unarefuka kidogo, unarudi. Ulikuwa na nusu ya dawa na mimi nilikuwa na nusu, tukaishi nyumba moja, na hatukuwahi kuziweka kwenye kichwa kimoja. Haya nayajua sasa, na sina wa kumwonyesha.

Juzi aliingia binti mmoja, bibi harusi mtarajiwa, kilemba hadi kwenye nyusi. Alisubiri wateja waishe, akafunga mlango. "Dada, usinicheke." Akafungua. Nililolijua nililiona: pembeni kumepukutika, katikati kumekakamaa. Nikalowesha unywele, nikauvuta. Pap.

"Mayai?" nikamuuliza.

"Na keratini. Kila wiki. Niliona kwenye simu." Akaanza kulia. "Nishonee wigi tu, dada. Sendoff imekaribia, na mama ananisumbua kila siku anataka nivue kilemba anione."

Nilimwosha, nikampaka asali na maji, nikamfunika apate joto. Sikuwa na shida hadi hapo, kazi naijua. Ila alipoinua macho akaniona kwenye kioo, akasema kwa upole, "Na pole na msiba, dada. Angalau wewe zako umezitoa kwa heshima."

Mdomo ulikuwa tayari kusema asante, mama. Mdomo huo umezoea. Nikauzuia. Nikamwambia hapana. Nikamwambia kuhusu makopo, kilemba, kesho zangu zote, hadi wembe wa mama mdogo. Nilidhani ataondoka. Alifuta matone ya asali yaliyokuwa yanamshuka shingoni, kisha akauliza, "Mama yako alijua?"

"Hapana. Aliniomba nimwonyeshe, nikakataa hadi akafa."

Nilipomaliza kumsuuza alikishika kilemba chake, akakitazama, akakikunja na kukitia mkobani. Akasema wigi tutazungumza siku nyingine, kwanza anapita kwa mama yake. Nikamwona anavuka barabara kichwa wazi, watu wanamtazama, na yeye anatembea tu.

Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikalia, na safari hii nilikulilia wewe. Maana yule binti ndiye mtu wa kwanza kuniona nilivyo, mama, na hata jina lake la pili silijui. Wa kwanza ulipaswa kuwa wewe.

Pumzika. Sikuombi unisamehe, kwa kuwa ninajua ungesema "yameisha" na kuanza kucheka. Mimi bado naona haya.

Ni mimi,
Kitindamimba wako