Zawadi Iliyopitia Dukani kwa Baba

Kaka Wade,

Kwa huzuni kubwa natangaza kifo cha birika la kahawa la duka la bunduki la Baba. Lilifia kazini Jumanne. Waliofika kuliomboleza walikuwa wengi, na wote risasi zao wamezinunua mtandaoni. Jirani yetu Orrin alileta hata darubini ya bunduki aliyoagiza huko huko, ili Baba amfungie kwenye bunduki yake. Baba akamfungia bure.

Zawadi ya bunduki uliyomtumia Baba kwa kutimiza miaka sabini imefika. Ulisahau kwamba bunduki ya mtandaoni haiji nyumbani. Sheria huipeleka kwanza kwenye duka lenye leseni, na hapa Kemper duka kama hilo ni la Baba tu. Basi Baba akajipokelea mwenyewe.

"Mzee, hata mwanao ananunua mtandaoni!" Orrin akamcheka.

"Nyamaza wewe. Mwanangu amenikumbuka," Baba akasema, kisha akapangusa miwani kwa muda mrefu.

Usimpigie kuomba radhi. Theluji ikiyeyuka atafunga duka kabisa, ila hakutaka nikwambie.

Bunduki yako ameiweka dirishani, kando ya nyingine ya aina hiyo hiyo ambayo tangu mwaka jana haijapata mnunuzi.

Sasa ziko mbili.

Dadako,
Lorna