Sauti ya Pili Kwenye Kaseti

Mujukuu wangu Elia,

Salamu kutoka Baraka. Mama yako iko muzima, na mihogo ya Lweba imekomaa. Umeniuliza kama ununue ampli ya muziki kubwa zaidi, taxi yako isikike mbali huko Bukavu. Uamuzi ni wako. Mi nakukumbusha jambo moja tu.

Nikiwa kijana niliendesha camionnette ya abiria, Lweba mpaka Baraka. Nilifunga bafle mbili kubwa za muziki, nikapandisha sauti mpaka mwisho ili bantu bajue nafika. Siku moja kaseti ya kwaya ilikuwa inapiga. Mama mumoja aliyekaa pembeni yangu akasema:

"Shusha kidogo, mutoto yangu. Binti yangu marehemu iko anaimba mule, sauti ya pili. Lakini mi nasikia tu ngoma."

Nikashusha. Ngoma ikarudi nyuma, sauti zikaachana, na binti akatokea, sauti yake nyembamba na safi. Kaseti ile nilikuwa nimeipiga kila siku, na sikuwa nimemusikia hata mara moja.

Tulifika kwenye soko ya Baraka, nikazima moteri. Hakuna muntu aliyeshuka, hata bale ba nyuma, mpaka wimbo ukaisha.

Babu yako