Wameiombea Mashine Niliyoifunga Mimi

Mpendwa mshauri Mama Imelda, nakusikiliza redioni kila wiki ukiwa hapo Gitega, leo naomba msaada mimi mwenyewe na uso wa kutazama watu sina. Ninaendesha transfoma ya kielektroniki inayounganisha umeme wa jua wa huku Giteranyi nilikoolewa na ule wa Buhinyuza nilikozaliwa, siyo kama zile za kwenye nguzo, hii inapima betri za pande zote mbili na kuamua yenyewe nani ampe nani, ila mwendeshaji akitaka anaweza kuiamuru, na ndivyo nilivyofanya. Siku ya harusi ya wifi yangu mawingu yalitanda tangu asubuhi, baba mkwe akanijia, "We mwana, umeme ubakie huku leo, tusipate haya mbele ya wageni," na mkaza mwana hamwambii baba mkwe hapana, nikafunga upande wa Buhinyuza, muziki ukalia kwetu mpaka wageni wakaondoka, kumbe kule mwanamke anajifungua kwa tochi ya simu. Watu wa Buhinyuza waliponipigia nikasema mashine imeharibika. Kesho yake wakaniletea pombe ya ndizi kunipa pole, nikanywa! Mama yangu mzazi naye akapiga: "Mwanangu, tuko tunakuombea, na ile mashini tuko tunaiombea." Nikawafungulia umeme kimyakimya, sasa Jumapili wanafanya ibada ya shukrani, mama atatoa ushuhuda jinsi mashine ilivyopona, na mimi nimewekewa kiti cha mbele. Nikisema kweli namwaibisha baba mkwe. Nifanyeje?

Emiliana, Giteranyi

Emiliana, pole, lakini pole yangu ni fupi. Baba mkwe aliomba. Kidole kilichobonyeza ni chako, acha kujificha nyuma ya koti lake. Ungemwambia kwa adabu, "Baba, huo umeme si wetu peke yetu," angenuna kidogo, halafu angeendelea na kinywaji chake. Mashine ilikuwa inagawa kwa haki mpaka ulipoizuia, na sasa kanisa zima limshukuru Mungu kwa uongo wako, tena kwa mdomo wa mama yako? Hapo umenikasirisha.

Sikiliza. Mwambie baba mkwe mapema kwamba utasema, asije akasikia njiani. Taja kosa lako, lake mwachie mwenyewe. Kisha nenda Buhinyuza kwa mama, na mikono isiwe mitupu: beba pombe ya ndizi, maana ile uliinywa bila haki. Pita na kwa yule aliyejifungua gizani, umpigie magoti. Na kuanzia sasa mashine isiamriwe na mtu mmoja; awepo wa Giteranyi na wa Buhinyuza, wakubaliane kwanza.

Jumapili kile kiti cha mbele usikikalie. Ushuhuda ni wako, simama uutoe, mama yako akae.