Mwezi wa Tano wa Mukoloka

Alhamisi, 5 Juni 2025, Kabambare

Leo mwisho wa kuingiza ripoti za mwezi wa tano. Vituo vya afya kumi na vinane, ripoti kumi na saba. Inakosekana ya Mukoloka, kule kwa wachimba dhahabu, njia ya Salamabila. Daraja limekatika, simu ya muuguzi wao Euphrasie haiingii. Na hii programu inayogeuza ripoti kuwa ramani na michoro haina huruma – kituo kimoja kikikosa, kinabaki chekundu na sote tunashushwa!

Nikachukua tarakimu za Mukoloka za mwezi wa nne, nikazibandika kwenye wa tano. Malaria, kuhara, surua mbili. Nitasahihisha ripoti ikifika. Ramani yote kijani. Inapendeza, kusema kweli.

Jumatatu, 9 Juni

Barua kutoka mkoani: sisi wa kwanza kwa ripoti kamili! Daktari Zacharie, mkubwa wetu, ameisoma mbele ya wote. Laetitia wa chanjo akanipigia makofi, eti sasa Hervé ni mutu mukubwa. Nikacheka nao, macho makavu.

Jumatatu, 16 Juni

Ripoti ya Mukoloka imefika kwa pikipiki, imefungwa kwenye plastiki. Surua: arobaini na mmoja. Waliokufa: wanne.

Nimesoma mara tatu. Nikisahihisha, watauliza ile mbili ilitoka wapi. Nimeitia kwenye mkoba. Kesho.

Alhamisi, 19 Juni

Sikusahihisha. Leo wamechagua vituo vya kupelekewa chanjo ya surua, kwa kufuata michoro yangu. Vitano. Mukoloka haimo. Nilikuwa nimekaa palepale. Naona haya hata kuandika hapa.

Ijumaa, 20 Juni

Euphrasie amekuja mwenyewe! Siku mbili njiani, matope hadi magotini, mama mtu mzima vile.

"Docteur, watoto wanaisha kule. Saba wamekwisha kufa."

Zacharie akamgeuzia kompyuta: surua mbili, angalia. Eti watu wa machimbo wanataka dawa za kuuza, na yeye anawapikia tarakimu. "Mashini haisemaka uwongo, mama." Euphrasie akasema ripoti alituma. Nikaulizwa kama niliipata. Nikajibu nitaangalia.

Nitaangalia! Nayo mkobani, miguuni pangu.

Kisha nikaamriwa kuchapisha mchoro wa Mukoloka, uambatanishwe na barua ya kumsimamisha kazi. Nikachapisha. Njia ya mwongo ni fupi, mama yangu alikuwa akisema. Yangu mbona haiishi? Mshenzi mimi.

Jumapili, 22 Juni

Sikwenda kusali. Ningemwambia nini Mungu.

Jumanne, 24 Juni, Kasongo

Mkutano wa tathmini, wakubwa wa mkoa wapo. Zacharie amewapelekea kesi ya Euphrasie. Baada ya chai nionyeshe Mukoloka ukutani, kisha Euphrasie ajitetee. Asipoaminiwa, kazi imekwenda, na chanjo haziendi.

Naandika mbiombio, watu bado wanakunywa. Euphrasie kanisogelea sasa hivi. Nilidhani atanitukana – afadhali angenitukana! Kanipa nusu ya mkate wake, akaniwekea daftari la wagonjwa mapajani.

"Mwanangu Hervé, miye ile mashini siijue. Weye njo unaijua. Wakiniuliza, unisaidie kuwaonyesha. Majina yao yote iko hapa."

Nimefungua. Cadette, miaka miwili. Byamungu, miezi tisa. Majina yote mawili yamekatwa kwa wino mwekundu. Wengine sijawasoma, macho yamekataa.

Wanarudi. Projekta imewaka, Mukoloka iko ukutani, kijani tupu. Zacharie anasema, Hervé, simama uwaeleze wakubwa. Euphrasie ananitikisia kichwa kunitia moyo.