Barua Niliyoandika kwa Jina la Mjomba

Voi, Jumanne, 8 Machi 1977

Joto la leo halina hata upepo wa kulisindikiza. Mawingu yamekaa juu ya milima tangu asubuhi, na mvua hainyeshi. Nimekunywa vikombe vitano vya maji na bado koo limekauka.

Najua si joto.

Tangu Ijumaa nina bahasha mbili kwenye droo ya ofisi, nami siwezi kukaa, siwezi kula. Nianzie mwanzo, kwa sababu nikizungukazunguka nitajisamehe kabla sijakiri.

Tangu nimalize Form Four mimi ni karani kwenye gereji ya wakala wa magari hapa mjini. Nafungua barua, napiga taipu, najaza fomu za waranti. Waranti ni ahadi ya kampuni kwamba gari jipya likiharibika kabla ya mwaka kwisha, itatoa kipuri bure. Kazi hii inanifaa. Siwezi kusema mbele ya watu watatu, lakini kuandika naweza.

Mjomba Mwakio, kaka yake mama, alinunua pikapu yake kwetu mwaka jana. Kila asubuhi huteremsha kabichi na maziwa ya akina mama wa Werugha hadi Voi. Jumapili moja mwezi wa Desemba, klabu moja ya madereva wanaoshindana kwa kujifurahisha tu ilifanya mashindano kwenye barabara za shamba la katani kule Mwatate. Mjomba akaingia, nami nikaenda kumtazama. Alivaa shati lake la kanisani. Alimaliza wa tisa kati ya magari kumi na moja, na kwenye kona ya mwisho alisimama kuwapisha ng'ombe.

Sasa, kampuni iliyotengeneza gari hilo ina jarida la wapenzi wa magari yake. Limejaa vumbi, magari yanayoruka matuta na vijana walioinua vikombe. Ukurasa wa mwisho huwaomba wenye magari waandike jinsi walivyoyajaribu. Barua ikichapwa, mwenye gari hutumiwa beji ya kufunga mbele ya gari lake.

Nikaandika.

Kwetu aliyesoma ndiye mwandishi wa barua za ukoo. Tangu darasa la sita nimemwandikia mjomba barua zake zote. Yeye hutia sahihi tu. Safari hii hata sahihi niliitia mimi. Nilitaka siku moja aikute beji bila kutarajia.

Na niliandika kama tulivyofundishwa kuandika insha. Wa tisa akawa wa tatu. Ng'ombe wakawa kundi la swara. Nikaandika, kwa Kiingereza changu kizuri, kwamba nililiendesha gari bila huruma, na giaboksi ikalia kama simba nami sikuisikiliza.

Shuleni ningepata kumi na nane juu ya ishirini.

Mwezi uliopita giaboksi ilivunjika kweli. Mjomba alikuwa akipanda kona za Werugha, amebeba madebe ya maziwa yaliyo matupu. Nilijaza fomu ya waranti mwenyewe, tukaanza kungoja.

Ijumaa posta ilileta majibu mawili ya kampuni ileile. Bahasha ya kwanza ilitoka kwa watu wa jarida: pongezi, nakala yenye barua yangu, na beji inayong'aa. Ya pili ilitoka kwa watu wa waranti. Ombi limekataliwa, kwa kuwa gari lilitumika kwa mashindano. Walikuwa wameambatisha ukurasa wa jarida lao wenyewe, na kupigia mstari mwekundu chini ya maneno yangu: bila huruma.

Nina hasira nao. Wanamwita mtu akimbie, kisha wanamwadhibu kwa kukimbia. Lakini aliyedanganya ni mimi.

Jumamosi mjomba alikuja kuuliza. Nikamwambia bado. Jana akaja tena, akaketi kwenye benchi la wateja, kofia magotini, akasema kabichi zimeanza kupasuka shambani na akina mama wanamuuliza yeye. Nikamwambia bado. Alikuwa ameniletea ndizi.

Leo asubuhi Mzee Odhiambo, fundi wetu mkuu, aliyekuja huku na kazi ya reli na hakurudi kwao, alisimama mbele ya meza yangu.

"Karani, hiyo droo ina nyoka? Unaifungua kidogo, unaifunga."

Nilijaribu kucheka, machozi yakanitoka. Nikampa bahasha zote mbili. Alisoma polepole, midomo ikicheza, kisha akanipeleka kwenye meza yake ya kazi na kunionyesha jino la gia lililovunjika. Mahali lilipokatikia, upande mmoja unang'aa na mwingine ni mweusi. Alinieleza kwamba ule weusi ni ufa wa zamani, ulikuwamo tangu kiwandani. Haukuletwa na mashindano wala na kabichi.

"Chuma hakisomi magazeti," akasema. "Lakini anza na mwenye gari."

Saa kumi mjomba alifika. Nilimsomea bahasha zote mbili, nikitafsiri, macho kwenye karatasi. Nilipomaliza alivua kofia.

"Kwani nilikuwa wa tatu?"

"Wa tisa, mjomba."

"Na hawa swara?"

"Ni wale ng'ombe."

Mzee Odhiambo alikohoa, akageukia ukuta. Mjomba hakucheka. Alivaa kofia yake.

"Wakesho, jina langu umelitumia bila kuniuliza. Habari ya kabichi nitawaeleza akina mama mimi mwenyewe. Hilo la jina utalitengeneza wewe."

Beji aliiacha juu ya meza.

Angenigombeza ningelala vizuri zaidi.

Nimefika nyumbani na jua bado liko juu, nikaanza barua mara nne. Tatu nimezichana, zilikuwa na mapambo. Ya nne ina mistari sita. Inasema jina langu, kwamba barua mliyoichapa niliiandika mimi, kwamba mjomba alishindana mara moja tu akawa wa tisa, na kwamba tunawatumia jino, mtazame ule weusi. Huenda wakakataa tena. Mashindano yalikuwapo, na hilo pia nimeliandika.

Kabla haijaenda lazima meneja aisome, na anaweza kunifukuza. Kesho saa mbili nitagonga mlango wake, jino mkononi, na beji ndani ya bahasha irudi ilikotoka. Nitamwambia kwa mdomo. Sijui kama sauti itatoka.

Nimejaribu mara mbili jikoni. Mama ameuliza kutoka uani naongea na nani.

Nimemwambia, na meneja.