Kofia Nyumbani kwa Rais

Uwanja wa Nyumba ya Rais, Amerika
Jumapili ya pili ya Januari, mwaka wa nne tangu niondoke kwetu Clare

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimekaa juu ya pipa tupu la chokaa, karatasi iko magotini, na wino naupasha joto kwapani kila baada ya mistari michache kwa sababu unaganda. Kwa hiyo ukiona mwandiko umepinda, si pombe. Kikohozi chako kikoje? Na Mama, magoti yake yanamwacha alale? Mwambie dada yangu Ita, maana najua ndiye anayekusomea, asiruke mstari hata mmoja, hata ule utakaomfanya asite. Mimi ni mzima. Mgongo tu ndio unaozeeka kabla yangu.

Uliuliza kama ni kweli nafanya kazi kwenye nyumba ya Rais, au nilimdanganya Padri. Ni kweli. Nachanganya chokaa na mchanga na nywele za ng'ombe, kisha nawapandishia mafundi wa lipu kwa ndoo. Nyumba ni kubwa kuliko kanisa letu pamoja na makaburi yake, lakini usiionee wivu. Ngazi ya mbele bado haijajengwa. Mabalozi wanaingia kwa ngazi ya mbao, kama watu wanaopanda darini kutafuta kuku. Rais na mkewe wanaishi katika vyumba vichache ambavyo lipu yake imekauka. Moto unawaka humo usiku na mchana, na bado mama yule anavaa shali mbili.

Rais tunamwona asubuhi akitoka na koti lake kuukuu, anayatazama matope yetu kama mkulima anayechungulia shamba la jirani. Madirisha mengine hayana vioo, kwa hiyo maneno ya nyumbani mwao tunayasikia kama ya kwetu. Juzi mkewe alimwambia, "Bwana, viatu! Nchi utaitawala huko nje, humu ndani kuna zulia." Akarudi mlangoni akavivua. Hew Gillespie, Mskoti anayechonga mawe karibu nami, alicheka hadi patasi ikamponyoka. "Umeona, Colman?" akasema. "Serikali imepinduliwa."

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Sisi wafanyakazi tulikuwa tunalala kwenye vibanda vya mbao tulivyojijengea humu humu uwanjani, kati ya tanuri la matofali na shimo la chokaa. Kabla ya Krismasi nyapara alituletea agizo la wakuu wa mji: baada ya Mwaka Mpya, Jumatatu, vibanda vyote vibomolewe, maana vinaharibu sura ya uwanja wa Rais. Waseja walikunja blanketi zao wakaenda kujibana darini kwa mwashi mmoja mwenye kiwanja chake ng'ambo ya uzio. Lakini katika kibanda cha mwisho alikuwamo Onora, mwanamke wa Clare kama sisi, anayetufulia nguo. Ni binti wa nani, nitakwambia mbele. Alikuwa mjamzito, amefikia siku za kujifungua. Darini katikati ya wanaume asingeweza kwenda, na nyumba za kupanga katika mji huu ni chache kuliko visiki barabarani. Kumtoa kwenye moto wake wiki ile, kwenye theluji, ni kumwua yeye na mtoto. Nilimwambia nyapara hivyo hivyo. Akajibu, "Mimi nimetumwa, Tierney. Kaongee na walionituma."

Basi nikaukumbuka ule uwanja wa wakala wa mwenye ardhi, Baba. Mimi nilikuwa nimeshika pindo la koti lako. Ulisimama kwenye mvua, kofia mkononi, tangu ng'ombe wanakamuliwa hadi mchana, ukiomba paa letu lisivunjwe. Ulipoitwa ndani, ilikuwa ni ili uambiwe kwamba watu walikwisha kwenda kulivunja. Siku naondoka ulinivika kofia ile ile, ukanishika shingo, ukasema nile mizizi, nilale shimoni, lakini nisimvulie kofia mtu yeyote kwa ajili ya paa. Niliapa.

Huku kuna desturi. Siku ya Mwaka Mpya Rais hufungua nyumba, na raia yeyote anaweza kuingia kumsalimu. Watu husimama duara, yeye huzunguka, humwinamia kila mmoja na kila mmoja humwinamia yeye, basi. Hashikani mikono na mtu, wala haombwi kitu. Nilipowaambia wenzangu kwamba nitakwenda kumweleza habari ya kibanda, Hew akasema, "Wewe? Watadhani gunia la chokaa limeota miguu." Wote wakacheka isipokuwa Nace, aliyekuwa chini kwenye shimo la msumeno. Nace ni mpasuaji mbao, Mkatoliki mwenzetu, na ni mtumwa. Yeye anapasua, bwana wake huko Maryland anapokea ujira. Akainua uso uliojaa unga wa mbao. "Mimi naingia nyumba ile kila siku na kuni," akasema, "na hakuna aliyewahi kunikaribisha. Wewe umekaribishwa, Colman, halafu unasimama hapa kuchekwa na Hew."

Nikajipangusa, nikavaa kofia yako, nikaenda. Na hapa sijui utacheka au utalia. Miguu yangu ilinipeleka mlango wa nyuma. Mimi sikuiambia. Ndivyo ilivyofundishwa kwetu, kwamba nyumba kubwa huingiwa kwa kupitia jikoni. Nilikwisha kusimama kizingitini, mkono umeanza kupanda kuelekea kofia, ndipo mpishi, mama mmoja mweusi mwenye bata aliyenyonyolewa nusu, akanitazama juu hadi chini. Akauliza nimeleta nini. Nikasema sikuleta kitu, nimekuja kumsalimu Rais. "Basi zunguka mbele, mwanangu," akasema. "Leo huku nyuma ni kwa bata tu." Mkono nikaushusha. Ile nyumba naijua kila jiwe, lakini kuizunguka siku ile kulinichosha kuliko bahari.

Bawabu alinitaka nibebe kofia kwapani, kama waungwana. Nikamwambia kofia hii na mimi tunaingia pamoja au tunarudi pamoja. Nyuma yangu watu walikuwa wanasukumana kwa baridi, akaniachia nipite huku akinong'ona jambo juu ya Waairishi.

Rais alipofika kwangu aliinama, sawasawa na alivyomwinamia jenerali aliyenitangulia. Nami nikainama kiasi alichoinama yeye, si zaidi. Kisha akaitazama kofia, na duara zima likaitazama. Maneno mazuri niliyoyapanga njia nzima yakanitoka kichwani. Nikasema tu, "Bwana Rais, Jumatatu watabomoa kibanda kilicho nyuma ya tanuri, na mke wangu yumo ndani, atajifungua wakati wowote."

Mke wangu, Baba. Ita hajakosea kusoma.

Padri wa hapa alitufungisha ndoa baada ya Pasaka. Sikukuandikia kwa sababu ya jina la baba yake. Onora ni binti wa Malachy Breen. Ndiyo, yule yule aliyepanda juu ya paa letu, akatia kamba kwenye boriti, akawaambia wenzake wavute. Tulikutana melini. Yeye alinitambua kabla sijamtambua. Angeweza kunyamaza, bahari ni pana, lakini alikuja mwenyewe akasimama mbele yangu akaniambia ni nani, akasema nikitaka kumtemea mate nimtemee hapo hapo tumalize. Alikuwa anakwenda Amerika, aliniambia, kwa sababu mkate wa nyumbani kwao ulikuwa unamkwama kooni; alijua ulinunuliwa kwa mapaa ya nani. Siombi radhi kwa kumwoa. Naomba radhi kwamba umesikia baada ya Rais.

Rais akasema uwanja ule hauko chini yake, uko chini ya wakuu wa mji. "Hata mimi ni mpangaji hapa, Bwana Tierney," akasema, baada ya kuniuliza jina. "Wenye nyumba wangu wakinichoka, natoka na masanduku yangu." Waungwana wakacheka kwa adabu. Mkewe, aliyekuwa ameketi karibu na moto, hakucheka. Aliniuliza kama tumepata mkunga. Nikasema tunaye. Kisha Rais akamwinamia mtu aliyefuata, na mimi nikajikuta nje kwenye ile ngazi ya mbao. Sikupata paa. Lakini kofia ilikuwa kichwani.

Nilidhani Hew atanidhihaki. Alinisikiliza hadi mwisho, akatema mate, akasema kama hawakitaki kibanda hapa, tutakipeleka kinakotakiwa. Mwashi wa ng'ambo ya uzio alikuwa na nafasi pembeni ya nyumba yake. Tulipomwuliza, alitoka na koleo akaanza kuondoa theluji kabla hatujamaliza kusema.

Jumatatu alfajiri walikuja wachonga mawe, wachoma matofali na mafundi wa lipu. Nace na wenzake waliviringisha magogo kutoka kwenye shimo la msumeno. Tulikiinua kibanda kwa mitaimbo, tukaingiza magogo chini yake, tukafunga kamba kwenye boriti. Nilimwomba Onora atoke. Akakataa. Akasema kamba za boriti anazijua tangu utotoni, ila hajawahi kuona ya kuhamisha nyumba ikiwa na watu ndani, na hii hataikosa. Basi tukavuta na yeye ndani, moto wake unawaka, moshi unatoka juu kama kawaida, na kila gogo likituteleza tunasikia sauti yake, "Polepole, washenzi ninyi, sufuria yangu!" Nyapara alifika na watu wake wenye mashoka. Alitutazama kwa muda, akawatuma wale wa mashoka wakavunje vibanda vitupu, kisha yeye mwenyewe akavua glavu akashika kamba.

Karibu na uzio alikuwa amesimama Rais na koti lake kuukuu. Sijui alikuwapo tangu saa ngapi. Kibanda kilipompita, Onora alikuwa dirishani, amejishika kwenye fremu kwa mikono miwili. Rais akavua kofia. Akakaa hivyo, kichwa wazi kwenye theluji, mpaka kibanda kilipovuka uzio. Yako, Baba, ilikuwa kichwani mwangu, na mikono yangu yote ilikuwa kwenye kamba.

Mtoto alizaliwa Jumatano, kwenye moto ule ule. Ni msichana, ana mapafu ya mpiga tarumbeta. Tumempa jina la Mama. Mke wa Rais alileta shuka kuukuu laini na supu ya bata, akamkemea Onora kwa kuinuka mapema, akaondoka na tope kwenye viatu vyake.

Msalimie Padri, na Ita, ambaye najua sauti yake imekauka sasa, mpe maji. Mwambie Mama kuna mtu mdogo huku anayeitwa kama yeye, na wote wawili hawapendi kungoja chakula. Onora hajakutumia salamu. Anasema hana haki hiyo mpaka umruhusu.

Kazi ya lipu itaisha majira ya baridi yajayo, nami nitapanda meli ya kwanza ya masika. Nitegemee Mei ya mwaka ujao. Sitakuja peke yangu, wala sitapitia nyuma. Nitabisha mlango wa mbele, binti wa Breen kando yangu, mjukuu wako mikononi mwake, na kofia yako kichwani mwangu. Ukifungua nitaivua. Sitaivua kwa ajili ya paa, Baba. Nitaivua kwa sababu ni wewe.

Mwanao,
Colman Tierney