Isale Kwenye Goli la Chini

Jumatatu, 4 Novemba

Asubuhi nimezungushia plasta magongo yaliyopasuka. Pedi za miguu bado mbichi, zinanuka. Jioni tumefika kiwanjani, kimeshikwa. Tena! Zamu ilikuwa yetu. Nimesimama pembeni na timu yangu nzima ya wasichana ya mpira wa magongo, magongo mkononi, tunawatazama wavulana wa mpira wa miguu wakiteleza kwenye matope na kucheka. Wao nusu fainali yao Alhamisi, mjini. Yetu Jumamosi, hapa hapa chuoni. Kocha ni mmoja kwa timu zote mbili. Kwetu huonekana siku ya kupiga picha.

Kelvin, kapteni wao, amenipita akasema, "Dada, si mkachunge mbuzi na hizo fimbo?" Wenzake wakavunjika mbavu. Namchukia. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kuniambia nitulie.

Mwaka wa kwanza tulitolewa nusu fainali. Wa pili, hivyo hivyo. Huu ni wa tatu na ndio wa mwisho kwangu. Nataka kudaka fainali moja kabla sijaondoka hapa. Moja tu.

Jumanne, 5 Novemba

Mpira wetu ni mdogo, mgumu, unatambaa chini. Ukikuta shimo la njumu unaruka unakotaka wenyewe. Na kiwanja chetu kimeinama, kama kila kitu huku mlimani, kwa hiyo maji yote ya mvua yanaishia goli la chini. Ndiko wavulana wanakopenda kupigia mashuti. Nimemwomba kocha awazuie mpaka Jumamosi ipite. Kasema, "Tutaangalia." Khaa! Hiyo tutaangalia yake naijua tangu nifike.

Jumatano, 6 Novemba

Mama Ndeshi, jirani wa chuo, amekuja kufyeka. Ana ng'ombe wawili wa maziwa. Anatukatia kiwanja, majani anabeba. Hakuna anayetujali kama yeye na ng'ombe wake. Kanisikiliza nikilalamika, kaenda kwenye uzio wake, karudi na vipande vya isale, ule mmea wa majani marefu wa kupandia mipaka. "Pandeni," kasema. Basi.

Tumepanda mstari mzima mbele ya goli la chini. Isale ni mpaka. Kwetu huku mlimani hata ndugu waliogombania shamba mpaka wakanyimana salamu hawaling'oi. Jioni wavulana wamekuja, wameliona, wamesimama. Kelvin ni wa Machame, kakulia kwenye migomba kama mimi. Alikuwa ameshanyanyua mguu. Akaurudisha. Wakaenda kufanya mazoezi Shirimatunda, kwenye changarawe. Nimecheka peke yangu hadi bwenini.

Nimempigia bibi, yuko kijijini Mkuu, nimsimulie. Hakucheka hata kidogo. "Mjukuu wangu, isale si la kukomoana. Haya, umeshaliita likutetee. Siku mtu akija nalo mkononi kukuomba msamaha, usithubutu kulikataa." Nikamwambia sawa bibi. Nilikuwa nataka tu anisifu.

Alhamisi, 7 Novemba

Wavulana wametolewa. Kwa penalti. Ya mwisho kapiga Kelvin, kapaisha juu kabisa. Nilikuwepo. Nimefurahi. Ndiyo, nimefurahi, na sitaki kujisema vibaya kwa hilo. Kocha alibaki kwenye benchi kama mtu aliyefiwa.

Ijumaa, 8 Novemba



Mvua imenyesha tangu mchana. Saa kumi kocha kawatoa wavulana wote kuwaadhibu kwa kutolewa. Mbio na kuruka, na njumu miguuni, na mahali alipochagua ni goli la chini! Wamefika kwenye isale, wakagoma. Hakuna aliyesogea. Kocha si mtu wa huku. Akauliza, "Vijiti gani hivi?" Akaving'oa mwenyewe, kimoja kimoja, akavitupa pembeni. Bado hawakusogea. Akapuliza filimbi.

Kelvin akaingia wa kwanza. Nilimwona kwa macho yangu, nilikuwa nakimbia kutoka bwenini na kandambili. Alitazama chini pale palipokuwa na mstari, akapiga hatua. Wengine wote wakafuata. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Kocha akanijibu kwamba kiwanja ni cha chuo, si cha mtu, na kesho tutacheza tu.

Walipoondoka tumefukia mashimo kwa mikono mpaka giza likatutoa. Tulikuwa tunafukia uji.

Kocha hakujua. Kelvin alijua. Mshenzi mkubwa.

Jumamosi, 9 Novemba

Moja bila. Wageni wetu wa Arusha wanakwenda fainali.

Kipindi cha pili, goli la chini likiwa langu. Shuti dhaifu, hata mtoto angelizuia. Mguu ulikuwa pale pale panapotakiwa. Mpira ukaingia kwenye shimo, ukaruka juu ya pedi, ukapita. Aika, beki wangu, alikaa chini kwenye matope akalia kwa sauti. Mimi sikulia. Sijui kwa nini.

Jumapili, 10 Novemba

Sikwenda misa. Kuna ile sehemu ya Baba Yetu, ya kuwasamehe waliotukosea, isingetoka mdomoni.

Kocha kapita bwenini. Eti bahati mbaya. Bahati! Kelvin katuma ujumbe, nimeufuta bila kuufungua. Katuma mwingine. Nimemfungia namba. Akikutana nami njiani atajua mimi ni nani.

Jumanne, 12 Novemba

Nilikuwa bombani nafua pedi zangu za miguu. Watu wamejaa, kila mtu na ndoo yake. Kelvin akaja. Amelishika isale kwa mikono miwili, kipande kimoja, kimechubuka. Nililitambua. Ni lile la kwetu, alilong'oa kocha.

"Dada kapteni," alisema, mbele ya wote. "Mimi nilijua ni nini. Niliingia nikijua. Penalti ilikuwa imenikaa kooni, nikaona bora na wewe ukose. Nimekukosea."

Nilikuwa na pedi imejaa maji ya sabuni na nilitamani kumpiga nayo usoni. Angekuja na maneno matupu ningempiga kweli. Nikamkumbuka bibi. Nikafuta mikono kwenye kanga, nikalipokea. Kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Akasema asante, akaondoka. Mama mmoja akanisogezea ndoo ili nikae.

Jumatano iliyopita lilimzuia yeye, leo limenizuia mimi. Na hasira yangu ipo yote, haijapungua hata kijiko. Ila sina tena pa kuipeleka. Nimeliweka isale kwenye kopo la maji dirishani, nimelala nimegeukia ukutani.

Jumapili, 17 Novemba

Nimekwenda misa ya kwanza. Fainali imechezwa jana. Sikuuliza nani kashinda.

Mvua imepumzika, Kibo iko wazi. Nimempa Aika pedi zangu, mwakani yeye ndiye atakayedaka. Amezivaa palepale, zinampwaya.

Mchana nikachukua lile isale kutoka dirishani, nikashuka kiwanjani. Kelvin alikuwepo, peke yake, na jembe, anasawazisha mashimo ya goli la chini. Hatukusalimiana. Nikamwonyesha mahali, karibu na nguzo ya kushoto ya goli, akachimba.

Bado simpendi. Nikalishika isale lisimame wima, yeye akashindilia udongo kwa mguu. Mguu ule ule.